Nani Alipie Kizibo?

Kiswahili kina methali nyingi kuhusu mgeni, na nyingi kati yake zinamtazama kwa macho ya mwenyeji. Anayesema "mgeni njoo mwenyeji apone" anatumaini kwamba ujio wa mgeni utafunua chungu ambacho siku nyingine kingebaki kimefunikwa. Anayesema "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" anatukumbusha kwamba ukarimu nao una mpaka wake. Lakini sijapata kusikia methali inayomhusu mgeni anayefika na kinywaji chake mkononi, akakinywa mwenyewe mbele ya mwenyeji, akalipia chakula peke yake, kisha akaondoka na kilichobaki chupani. Mgeni wa namna hiyo yupo, na hakuna anayemwona mtovu wa adabu. Katika insha hii nauliza anadaiwa nini, na anayemdai ni nani.

Mji ninaouzungumzia ni Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Huko kuna mikahawa mingi isiyouza kileo hata tone, ila inamruhusu mteja kuja na mvinyo wake. Watu huiita kwa herufi nne tu, BYOB, maana yake njoo na chupa yako mwenyewe. Mteja hupita dukani jioni, hununua chupa, huibeba kwenye mfuko wa karatasi, na akishaketi mhudumu humletea glasi na kizibuo. Kuna mikahawa isiyotoza chochote kwa huduma hiyo. Mingine hutoza kiasi fulani kwa kila chupa inayofunguliwa, na malipo hayo nitayaita ada ya kizibo. Wateja wengi huichukia. Husema, "Nimekuja na mvinyo wangu, glasi ni ya kuoshwa tu, sasa nalipia nini?"

Niseme mapema kwamba mimi sinywi. Nimekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako adhana husikika kutoka pande zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kama Mwislamu anaruhusiwa kuketi kwenye meza yenye mvinyo ni jambo la masheikh, nami nawaachia wao. Linalonishughulisha ni haki baina ya watu watatu wanaokutana katika chumba kimoja: mteja anayekunywa, mteja asiyekunywa, na mhudumu anayewatumikia wote wawili. Kazi yenyewe naijua kwa masimulizi ya kaka mmoja wa mtaani kwetu, ambaye kwa miaka kadhaa sasa amekuwa mhudumu katika mkahawa mmoja mdogo wa aina hiyo.

Mtu anaweza kudhani kuwa desturi hii ilizaliwa na ukarimu. La, ilizaliwa na katazo. Marekani ilipiga marufuku vileo nchi nzima mwaka 1920, na marufuku hiyo ikaondolewa tarehe 5 Desemba 1933. Gavana wa Pennsylvania wakati huo alikuwa Gifford Pinchot, mtu anayekumbukwa zaidi kwa misitu, maana ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu ya Marekani. Alikuwa mpinzani mkubwa wa pombe. Alipoona marufuku inaanguka, alihakikisha jimbo lake linaunda bodi ya kudhibiti vileo, na uuzaji wa mvinyo na pombe kali madukani ukawa mikononi mwa serikali. Nia ilikuwa kwamba anayetaka kunywa apate usumbufu na gharama, huenda akachoka. Baadaye leseni za mikahawa nazo ziliwekewa kikomo, na kwa kanuni ya sasa ni leseni moja kwa kila wakazi 3,000 wa kaunti. Kitu kikiwa haba hugeuka mali. Leseni zikaanza kununuliwa na kuuzwa baina ya watu, na mjini Philadelphia bei yake imepita dola 100,000.

Mpishi anayetaka kufungua mkahawa wa meza kumi atazitoa wapi fedha hizo? Anaacha. Anapika samaki wake vizuri, na wateja anawaambia waje na chupa zao. Sheria iliyokusudia kuziba ndiyo iliyozibua. Hata Melbourne, mji mwingine uliosifika kwa mikahawa ya namna hii, desturi ilikua katika jimbo ambalo baa zake zilifungwa saa kumi na mbili jioni tangu mwaka 1916 hadi 1966. Ningependa wenzangu tunaosoma falsafa ya sheria tulitazame jambo hili siku moja kwa utulivu, lakini leo si siku yake.

Kwanza tuelewe fedha zinavyotembea katika mkahawa wenye leseni. Chupa iliyonunuliwa dola 20 huuzwa mezani mara mbili au tatu ya bei hiyo. Faida hiyo ndiyo inayosaidia kulipa kodi ya jengo, umeme na mishahara, kwa hiyo bei ya chakula inaweza kushushwa kidogo. Maana yake ni kwamba katika mkahawa wa aina hiyo, mlevi wa meza ya pili anachangia wali wangu. Niliposikia hesabu hii kwa mara ya kwanza ilinikera. Mimi nimeagiza samaki na maji, nikajiona nimejitenga na mvinyo kabisa, kumbe bei ya samaki wangu imepunguzwa na mvinyo uleule. Sidhani kwamba hilo linanitia hatiani, kwa kuwa sikuomba mchango wala sikupanga bei. Hata hivyo linavunja dhana kwamba kila mtu mkahawani hulipia alichokula. Karibu wakati wote kuna mtu anayembeba mwenzake bila yeyote kati yao kujua.

Mkahawa wa kuja na chupa unaonekana kuiondoa hali hiyo. Hakuna faida ya mvinyo, basi chakula kinapaswa kujilipia chenyewe. Anayekunywa na asiyekunywa wanalipa bei ileile kwa samaki yuleyule, na kila mmoja amelipia kinywaji chake kwingine. Kwa mtu kama mimi, huo unapaswa kuwa mkahawa wa haki kuliko wote. Nilidhani hivyo kwa muda, mpaka nilipoitazama meza kwa upande wa mtu aliyesimama.

Kabla sijafika kwake, nizungumze kidogo kuhusu chupa yenyewe, kwa sababu kuna mtu atakayeniambia kwamba kwenda na kinywaji si jambo geni kwetu. Ni kweli. Burundi huendi harusini mikono mitupu. Zamani watu walibeba vibuyu na mitungi ya urwarwa, pombe ya ndizi. Siku hizi hubeba kreti za Primus, na kwa sisi tusiokunywa, kreti ya Fanta. Ila angalia kinachotokea mlangoni. Kreti ikishapokewa si yako tena. Mwenyeji ndiye anayeamua nani apewe, lini, na chupa ngapi. Huenda wewe uliyeleta usipate hata moja, na huwezi kusimama katikati ya sherehe ukadai chupa yako. Marcel Mauss, katika kazi yake kuhusu zawadi iliyotoka mwaka 1925, alieleza kwamba zawadi huambatana na wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Kreti ya harusini ina wajibu wote huo ndani yake. Mwakani nikioa, nitakumbuka nani alileta nini, na nani alikuja kupunga mikono tu.

Chupa ya Philadelphia haivuki mlango kwa namna hiyo. Inaingia ikiwa mali ya mteja, inabaki mali ya mteja, na ikibaki robo anaondoka nayo. Haimwachii mwenyeji deni lolote la shukrani, kwa kuwa hakupewa kitu. Mwenyeji ndiye aliyetoa: ametoa glasi, barafu, ndoo, nafasi mezani, na mikono ya mtu wa kufungua. Kwa maneno mengine, anayeonekana kuleta ndiye anayepokea. Ndiyo maana siwezi kukubali ulinganisho huo na harusi zetu, ingawa unapendeza masikioni.

Sasa nije kwa mhudumu. Katika jimbo la Pennsylvania, mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.83 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wengine ni dola 7.25. Kiwango cha taifa zima kwa wahudumu wa namna hiyo ni kidogo zaidi, dola 2.13, na hakijapanda tangu mwaka 1991. Sheria inasema kwamba bakshishi ikishindwa kuziba pengo hilo, mwajiri aliongezee. Kwa hiyo sehemu kubwa ya riziki ya mhudumu haitoki kwa mwajiri bali kwa mteja, na mteja kwa desturi huikadiria kwa asilimia ya hati ya malipo, kama 15 hadi 20.

Tuchukue mfano wa watu wawili waliokula chakula cha dola 80. Wakiwa katika mkahawa wenye leseni wakaagiza chupa ya dola 55, hati itasoma dola 135, na bakshishi ya asilimia 20 itakuwa dola 27. Jumla wametoa dola 162. Wakienda kwenye mkahawa wa kuja na chupa, wakiwa na mvinyo uleule walioununua dukani kwa dola 20, hati itasoma 80 na bakshishi itakuwa 16. Wametumia dola 116 pamoja na bei ya dukani. Wameokoa dola 46, nao watawasimulia marafiki zao kwa furaha.

Lakini dola hizo zimetoka wapi? Kati yake 35 ni tofauti ya bei ya mvinyo, fedha ambazo mwenye mkahawa asiye na leseni hakuwa na haki ya kuzitarajia. Amejiepusha na gharama ya leseni, basi na faida yake aisahau. Dola 11 zilizobaki zimetoka kwa mhudumu. Kazi yake haikupungua. Amekata karatasi inayofunika shingo ya chupa, amezungusha kizibuo, amemimina, amerudi kumimina tena, ameleta ndoo ya barafu. Kaka yule ananiambia kwamba chupa za dukani zina vizibo vya kila aina, vingine vimekauka vikavunjikia ndani, na mteja anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyevikausha. Glasi nyembamba za mvinyo huoshwa kwa uangalifu na bado hupasuka. Meza yenye chupa mbili haiondoki haraka, watu wanaongea na kucheka hadi usiku, na meza isiyoondoka haipokei wateja wengine. Yote hayo yamefanyika, ila kwenye hati hayaonekani, na kisichoonekana kwenye hati hakina asilimia.

Kuna atakayesema kwamba bakshishi ni hisani, na hisani haidaiwi. Huyo anatumia maana ya neno tulilolizoea huku. Kwetu bakshishi ni sarafu unayomwachia kijana aliyekubebea mzigo, juu ya ujira mliokubaliana. Ukiondoa bakshishi, ujira unabaki. Kule ukiondoa bakshishi kinabaki kiwango ambacho sheria yenyewe inakiri hakitoshi. Jina ni hisani, kazi yake ni mshahara, na malipo ya kazi hayawezi kutegemea kama mlipaji ameamka vizuri. Tukikubali hilo, basi mteja aliyeleta chupa anadaiwa kama vile mvinyo ungekuwa kwenye hati. Si lazima akadirie kwa bei ya mkahawa. Hata akiongeza dola kadhaa kwa kila chupa iliyofunguliwa, amelipa alichotumia.

Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba chakula chetu cha jioni hatukitarajii kutokana na wema wa mchinja nyama, mpika bia au mwoka mikate, bali kutokana na wao kuangalia faida yao. Inachekesha kwamba katika mfano wake maarufu amemweka mpika bia na kumsahau anayeibeba hadi mezani. Pengine hakuona haja. Lakini hoja yake inafanya kazi pale tu ambapo kila mmoja wa hao anaweza kutaja bei yake. Mwoka mikate anasema mkate ni kiasi fulani, chukua au acha. Mhudumu hana bei ya kutaja. Anafungua chupa kwanza, kisha anasubiri. Hapo faida binafsi haiwezi kutusaidia, kwa sababu mteja aliyekwisha kunywa, asiyekusudia kurudi, hana faida yoyote ya kulipa zaidi. Kinachobaki ni dhamiri yake, na dhamiri ya mtu aliyeshiba na kunywa nusu chupa haina hesabu nzuri.

Ndiyo maana nimefikia kuitetea ada ya kizibo, inayosemwa kuwa uchoyo. Katika meza ile ndiyo bei pekee inayomwangukia aliyesababisha kazi. Inajulikana mapema, mteja anaweza kuikubali au kwenda kwingine, na mhudumu hahitaji kusubiri kwa matumaini. Ninaweka sharti moja: iende kwa mhudumu, au angalau sehemu yake kubwa. Ikiingia mfukoni mwa mwenye mkahawa yote, basi wanaomwita mchoyo wana haki. Kaka wa mtaani kwetu aliwahi kumuuliza mwajiri wake kuhusu jambo hilo, akajibiwa kwamba mkahawa wao hautozi ada kwa sababu wateja hupenda kuona hakuna ada. Hilo linaeleweka kibiashara. Lakini gharama ya glasi na ya kuziosha haikuyeyuka. Imejificha ndani ya bei ya chakula.

Na hapo ndipo linaponigusa mimi nisiyekunywa. Nimesema kwamba katika mkahawa wenye leseni mnywaji ananibeba. Katika mkahawa wa kuja na chupa usio na ada, mimi ndiye ninayembeba. Samaki wangu ameongezwa senti kadhaa za glasi iliyovunjwa na mtu aliyekuja na chupa tatu. Ni kiasi kidogo, sikatai, na sitaki kufanya kisa cha senti. Ila nikiulizwa kati ya mikahawa hiyo miwili ni upi usio na lawama, siwezi tena kujibu haraka kama nilivyojibu mwanzoni. Wenye leseni walinipunguzia bei kwa fedha za mtu aliyechagua mwenyewe kununua anasa. Wasio na leseni wananiongezea bei kwa ajili ya anasa ya mtu mwingine, tena wanajisifu kuwa hawatozi kitu.

Kuna wanaojaribu njia ya tatu, nayo inanivutia kwa kuwa inarudisha kitu cha harusi zetu. Baadhi ya wateja wenye chupa nzuri humkaribisha mpishi au mhudumu aonje kidogo. Kwa dakika hiyo chupa inavuka mlango, inakuwa zawadi, na mgeni anakuwa mwenyeji kwenye meza asiyoimiliki. Ni desturi ya heshima, na kaka yule anasema humfurahisha hata anapokataa kunywa. Lakini funda moja la mvinyo halilipi kodi ya nyumba, na ningeogopa mteja akidhani kwamba amemaliza deni kwa kugawa tone.

Ukivuka daraja la Benjamin Franklin kutoka Philadelphia, unaingia New Jersey, jimbo jingine ambako leseni nazo ni haba na mikahawa ya kuja na chupa ni mingi. Huko mteja anaruhusiwa kuleta mvinyo au bia, lakini sheria inaukataza mkahawa usio na leseni kutoza chochote kwa sababu hiyo: si ada ya kizibo, si ada ya kuingia, si ada ya huduma. Anayeisoma haraka ataona kwamba imemlinda mteja dhidi ya tamaa ya mwenye mkahawa. Imemlinda mteja mwenye chupa. Mhudumu wa upande ule wa mto anafungua chupa zilezile kwa kizibuo kilekile, na mwajiri wake, hata akiwa mtu wa haki anayetaka kuandika kwenye hati dola tano za kazi hiyo, atakuwa amevunja sheria.